Shangazi wa Ng'ambo Anajibu: Uyoga Ule, Vidonge Umeze

Mwangaluka, wasomaji. Toleo lililopita niligusia kwa aya moja tu kwamba nyuma ya jiko langu hapa Ng'ambo, Tabora, nina mifuko 40 ya uyoga mamama, na kwamba siku hizi naula mara tatu kwa wiki badala ya nyama. Aya moja! Barua zilizokuja zimejaza ungo. Wengine wanataka mbegu, wengine wanataka kupona, na mmoja anataka nimwombee. Nimechagua zile zilizonikosesha usingizi, nikaongeza mbili tatu za haraka. Kwa wageni wa ukurasa huu: nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31 na sasa nimestaafu. Si daktari wala mganga. Uyoga wa porini nilifundishwa na mama yangu, na huu wa kwenye mifuko nilijifundisha mwenyewe kwa kuharibu mingi.

*Shikamoo Shangazi. Mume wangu ana miaka 54, ana sukari na presha. Mwezi uliopita alirudi kutoka stendi na kopo la unga wa uyoga. Kaambiwa anywe vijiko viwili asubuhi na viwili jioni, na kwamba baada ya siku 21 ataagana na vidonge. Vya presha ameshaacha. Nikimsema ananijibu kwamba hata Shangazi wa gazetini kaandika uyoga ni dawa. Nifanyeje? Mama watoto, Nzega.*

Marahaba, mwanangu. Kwanza nijitetee: sikuandika kwamba uyoga ni dawa, niliandika kwamba ni mtamu. Pili, usisubiri kumaliza kunisoma. Mpeleke kliniki leo au kesho asubuhi, apimwe presha na sukari, na aseme mwenyewe ni siku ngapi hajameza vidonge. Asione aibu, wauguzi tumesikia makubwa kuliko hayo. Asirudie dozi kwa kubuni wala asimeze vidonge vya siku zilizopita kwa mkupuo. Wenyewe watamwambia aanzie wapi. Na hilo kopo mlibebe, walione.

Nakwambia hivi kwa sababu ninaye shemeji, mume wa mdogo wangu. Mtu mwenye akili zake, fundi seremala mzuri, sukari aliishi nayo miaka tisa kwa vidonge vya metfomini na kutembea kwa miguu. Akaja rafiki na unga, si wa kopo kama wenu, ulikuwa wa kwenye mfuko wa nailoni. Akaacha vidonge kimyakimya. Kwa nini kimyakimya? Kwa sababu mimi shemeji yake muuguzi ningepiga kelele. Wiki ya saba akachomwa na msumari dukani kwake na hakusikia, maana mguu ulishakufa ganzi. Nilipouona mguu ule nilijua kwa harufu kabla sijafungua kitambaa. Alipoteza vidole viwili. Unga haukumdhuru kwa sumu yoyote ninayoijua. Ulichomfanyia ni kukalia nafasi ya vidonge.

Sasa uyoga wenyewe, maana sitaki uuchukie kwa kosa lisilo lake. Mamama ni ule wa kijivu au mweupe, umbo kama sikio au kipepeo, unaota kwa mafungu kwenye magogo yaliyooza na siku hizi kwenye mifuko ya majani ya mpunga. Mjerumani aitwaye Falck aliuotesha kwenye visiki mwaka 1917, wakati wa vita na njaa, kwa hiyo tangu mwanzo wa kilimo chake ulikuwa chakula cha watu wenye shida. Gramu 100 za mbichi, yaani viganja viwili vilivyojaa, karibu gramu 90 ni maji tu. Kinachobaki ni protini kama gramu 3, nyuzinyuzi gramu 2 na ushee, mafuta yasiyofika nusu gramu, na vitamini kadhaa za kundi B. Nguvu yake ni kilokalori 33 hivi. Chumvi karibu hakuna. Ukisikia mtu anasema uyoga una protini kama nyama, mwulize anapima mkavu au mbichi. Wafanyabiashara hupima mkavu kisha wakakuuzia mbichi.

Kwa mtu wa sukari na presha hizo ni habari njema. Sahani inajaa, tumbo linashiba, damu haipandi sukari, na ukiupika bila vile vipande vya mchuzi vya dukani umempunguzia chumvi nyingi. Nyuzinyuzi zake zimo za aina inayoitwa beta-glukani, ambayo huvuta maji tumboni na kufanya chakula kipite polepole. Faida yake naiona hapo hasa, kwenye kile ambacho uyoga unakiondoa mezani.

Muuzaji wa stendi atakwambia na hili, na hapa hadanganyi: ndani ya mamama imekutwa lovastatini. Hiyo ni dawa ya kushusha lehemu, wenyewe mnaiita kolesteroli. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, na ilipatikana kwenye ukungu mwingine wa udongoni, baadaye wataalamu wakaikuta kwenye mamama pia. Ukweli huo anausimulia nusu. Nusu nyingine ni kwamba kiasi chake hubadilika mno, kutegemea mbegu, majani yaliyooteshewa na siku ya kuvuna. Kidonge kimepimwa, fungu la uyoga halijapimwa. Na waliojaribu kupima hawakukuta muujiza. Utafiti mmoja uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2011 uliwapa watu wenye lehemu ya juu gramu 15 za mamama mkavu kila siku kwa wiki 8, ambazo ni sawa na gramu 150 za mbichi kwa siku. Watu 20 walifika mwisho. Lehemu yao mbaya haikushuka kwa kiwango cha kuhesabika. Majaribio ya upande wa sukari yapo, mengine yanatia moyo, lakini ni ya watu wachache na wiki chache. Kwa ushahidi huo mimi nanunua mboga, siachi dawa.

Na ikitokea kwamba kweli unashusha sukari kidogo, ndiyo sababu zaidi ya daktari kujua. Mtu anayejichoma insulini, kisha anakunywa vijiko vinne vya unga usiojulikana, kisha harudii ugali, anaweza kuzimia saa nane mchana. Wanaotumia wafarini ya kuzuia damu kuganda, waliopandikizwa figo na wanaotumia dawa za kutuliza kinga ya mwili, nao wasiguse unga wala vidonge vya uyoga bila kuuliza. Ninasema unga. Mboga ya kawaida sahanini ni jambo jingine.

Kuhusu lile kopo. Dawa za asili hapa nchini husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002. Tafuta namba ya usajili, jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho na aina ya uyoga. Likikosa vyote hivyo, hujui ndani kuna uyoga, muhogo, au vidonge vya ugonjwa wa sukari vilivyosagwa.

Mume usimshinde kwa maneno, wanaume wa umri ule wakishindwa kwa maneno hukimbilia ukaidi. Mpikie. Pasua uyoga kwa mikono kufuata nyuzi zake, usikate kwa kisu. Weka kwenye sufuria kavu juu ya moto wa kati bila mafuta wala maji. Utajitoa maji wenyewe, uache mpaka yakauke na uanze kunukia kama nyama ya kuchoma. Hapo ndipo utie mafuta kijiko kimoja, kitunguu, nyanya, halafu karanga zilizosagwa ulizozikoroga kwenye maji ya uvuguvugu. Dakika 20 tangu mwanzo zisipungue. Sahani na kidonge viwekwe mezani pamoja, aone vinakaa pamoja bila kugombana.

*Shangazi, nimeambiwa uyoga unapandisha CD4, wale askari wa kinga mwilini. Naishi na virusi vya UKIMWI, natumia ARV miaka sita. Naweza kupumzika dawa miezi mitatu nijaribu? Msomaji, Igunga.*

Hapana, mwanangu. Hata wiki moja hapana. Wale watu 20 niliowataja hapo juu walikuwa ni watu wanaoishi na virusi, na walikula uyoga huku wakimeza ARV zao. Ukipumzika, virusi havipumziki, na vikirudi vinaweza kurudi vimeizoea dawa. Kula uyoga wako kwa karanga na uhudhurie kliniki tarehe ile ile iliyoandikwa kwenye kadi.

*Shangazi, mimi ni mtu wa Kasulu, nimehamia Urambo kwa kilimo cha tumbaku. Kwetu mvua zikianza tunakula sana uyoga. Huku nimeona mwingine kando ya shamba unaofanana kabisa na wa nyumbani, mweupe, una kofia nzuri na kama kikombe pale chini kwenye shina. Mke wangu anasema tuuchemshe na kitunguu, kitunguu kikigeuka rangi tuumwage. Ndivyo alivyofanya bibi yake. Wewe unasemaje?*

Baba, mwache bibi apumzike kwa amani na uyoga huo uuache hapo hapo ulipo.

Kitunguu hakitambui sumu. Wala shilingi ya fedha, wala punje za mchele, wala chumvi. Nimesikia pia kwamba ukiona umetafunwa na wadudu basi ni salama. Konokono hula uyoga unaoua mtu kisha akaendelea na safari yake, tumbo lake si lako. Bibi alipona kwa sababu aliujua uyoga wa kwao kwa macho, pua na miaka, si kwa sababu ya kitunguu. Kitunguu kilikuwa kinamsindikiza tu.

Na shida yako ndiyo hiyo ya kufanana na wa nyumbani. Mwaka 2015 kule Ujerumani, wakimbizi waliotoka Syria walilazwa hospitali baada ya kuokota uyoga uliofanana na wanaoujua kwao. Uliitwa Amanita phalloides, na ndio unaoongoza kwa kuua watu duniani. Watu hao hawakuwa wajinga wa uyoga. Walikuwa wajuzi waliovuka mpaka, wakabeba ujuzi wao kama ulivyo. Kasulu na Urambo si mbali kama Syria na Ujerumani, lakini miti inabadilika, na uyoga mwingi wa porini huishi kwa ndoa na mizizi ya miti maalumu.

Kikombe ulichokiona ni dalili ya ukoo wa Amanita. Sasa hapa kuna mtego: katika misitu ya miombo wapo ndugu wa ukoo huo wanaoliwa tangu enzi, na wana kikombe hicho hicho. Kwa hiyo sitakwambia kila chenye kikombe kinaua. Nakwambia kwamba wewe, mgeni, huwezi kutofautisha nani ni nani, na mimi kwa barua siwezi pia. Mama yangu alikuwa akiokota na sisi watoto tukibeba vikapu, lakini mkono wetu haukuruhusiwa kutia chochote kikapuni mpaka misimu mitatu ipite. Mwaka wa kwanza nilitia mmoja kwa siri. Alimwaga kikapu kizima.

Niseme jinsi sumu ile inavyofanya kazi, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Amatoksini, ndilo jina la sumu hiyo, haivunjiki kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha. Ukila usiku unalala vizuri. Kati ya saa 6 na 24 baadaye, mara nyingi asubuhi, kunaanza kutapika na kuharisha kama maji. Siku ya pili au ya tatu mgonjwa anapata nafuu, anaomba uji, anakaa juani, familia inamshukuru Mungu. Nafuu hiyo ni ya uongo. Wakati huo ini linakufa, na macho yakigeuka manjano saa za kuokoa zimeshapita nyingi. Kwa hiyo mtu aliyekula uyoga wa porini akaanza kuharisha saa nyingi baadaye, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata kama ameacha kuharisha. Waende wote waliokula chungu hicho, hata asiyeumwa. Bebeni mabaki, yaliyopikwa na mabichi, kwenye karatasi, sio kwenye nailoni ambako yataoza. Msimnyweshe maziwa, mafuta wala mkaa wa jikoni mkasubiri. Mtoto asisubiri kabisa, mwili wake mdogo na kipande kidogo kinamtosha.

Na hata ungekuwa wenyewe hasa, umeota kando ya shamba la tumbaku. Uyoga hunyonya kilichomo ardhini na kukihifadhi, pamoja na madini mazito kama kadmiamu, na dawa mnazopulizia zinatua juu yake. Usiokote shambani, kando ya barabara kuu, wala relini.

Unaotamani kwa kweli nadhani ni ule wa vichuguuni. Huo nauheshimu kuliko hata huu wa mifuko yangu. Mchwa ndio wakulima: huleta majani na miti shimoni, hutengeneza kama masega, huotesha ukungu wao humo na kuula, na mvua zikishika ukungu ule unapasua ardhi na kutoa kofia. Mfaransa Heim aliupa ukoo huo jina la Termitomyces mwaka 1942, na kule Zambia kuna aina yenye kofia inayoweza kufika mita moja, unaweza kujikinga mvua. Binadamu hajafaulu kuulima mabandani kama mamama. Mama alikuwa anafukua pembeni kwa kijiti mpaka aone shina linaendelea chini ardhini kama mzizi mrefu, likielekea kwa mchwa. Lakini alama hiyo moja isikutume mwituni peke yako. Nenda na mama mmoja mwenyeji wa hapo Urambo, uokote anachookota yeye, msimu mzima. Au ununue kwa yule yule anayemuuzia mjumbe wa mtaa.

*Shangazi, nimelima mamama kwenye chumba cha stoo, mazao mazuri. Lakini kila nikiingia kuvuna nakohoa, na usiku kifua kinabana kama nina homa. Nimeacha mkaa, nimeacha vumbi, bado. Dada wa Sikonge.*

Dada, uliloniuliza nimelipitia mwenyewe, na nililipitia kijinga. Mwaka wangu wa kwanza nilipanga mifuko kwenye chumba kinachopakana na ninapolala, dirisha nikaliziba kwa gunia ili unyevu usitoke. Mavuno ya tatu nikasafiri msibani siku nne. Niliporudi kofia zilikuwa zimefunguka na kupinda kingo juu, na kila kitu kimefunikwa unga mweupe: ukuta, sakafu, hata redio. Nikafikiri ni vumbi la chokaa, nikafagia. Nilikohoa wiki tano. Homa za jioni, jasho, mwili kuchoka. Mimi niliyewapeleka wengine kupima kifua kikuu nikajipeleka mwenyewe, majibu yakaja safi, nikabaki nashangaa. Nilipoenda kukaa kwa mwanangu Nzega siku kumi kikohozi kikaisha. Niliporudi na kuingia chumbani kikaanza mlangoni.

Unga ule ni spora, mbegu za uyoga, na mamama hutoa nyingi kupita kiasi. Mapafu ya baadhi ya watu huzikasirikia, na wakulima wa uyoga sehemu nyingi duniani wanaujua ugonjwa huo. Ukiupuuza mapafu yanaweza kupata makovu.

Hamisha mifuko nje, kwenye banda lenye hewa, mbali na unapolala. Vuna kingo za kofia zikiwa bado zimeinamia chini, kabla hazijanyooka, na uyoga wenyewe ni mtamu zaidi hivyo. Vaa barakoa nzito inayobana usoni, kitambaa cha kanga hakitoshi. Mwagia maji sakafu kabla ya kufagia. Na uende ukapimwe, kifua kikuu pia, usije ukasema Shangazi kaniambia ni uyoga kumbe ni kitu kingine. Ukiendelea kubanwa hata baada ya hayo, biashara hiyo mwachie mdogo wako, wewe ubaki kula. Uyoga uliopikwa haukohoshi.

*Mama yangu ana ugonjwa wa figo, anakwenda kusafishwa damu. Anapenda sana uyoga. Ni salama? Kijana, Ujiji.*

Mwanangu, hapa nenda polepole. Gramu 100 za mamama zina potasiamu kama miligramu 420, na figo mbovu haziwezi kuitoa ya ziada, moyo ndio unaoadhibiwa. Mwulize mtaalamu wa lishe wa pale anaposafishiwa damu kiasi gani anaruhusiwa. Huenda akaruhusiwa kidogo kilichochemshwa na maji yake kumwagwa.

Kuna na kisa cha Japani kila mwenye figo anapaswa kukijua. Huko kuna uyoga mweupe mwembamba unaoota kwenye magogo ya miti jamii ya misonobari, umbo lake karibu sawa na mamama, na Wajapani waliula vizazi na vizazi bila shida. Mwaka 2004 watu 17 walikufa baada ya kuula, ubongo ukiwa umevimba, na wengi wao walikuwa wagonjwa wa figo. Chakula kile kile cha babu, mwili mwingine. Kwa hiyo wa mama uwe ule uliolimwa kwenye mfuko na mtu unayemjua. Wa kuokota kwenye magogo hata ukifanana vipi, asipewe.

*Tunaanika uyoga juani kwa ajili ya kiangazi. Jirani anasema jua linaua vitamini. Ni kweli? Na mbona wangu ukipikwa unakuwa kama raba? Mama wa Kaliua.*

Jirani kachanganya. Kwa vitamini D mambo ni kinyume. Uyoga una kitu kiitwacho ergosteroli, na mwanga wa jua unakigeuza kuwa vitamini D, kama unavyofanya kwenye ngozi yetu. Pasua nyembamba, laza upande wa zile kurasa za chini ukitazama juu, uweke juani siku ya kwanza saa za mchana. Baada ya hapo malizia kivulini penye upepo ili usiungue. Vitamini nyingine zinapungua kidogo, tusidanganyane. Uko tayari pale unapovunjika kwa mlio. Ukipinda bado. Tia kwenye chupa au ndoo yenye kifuniko, na ukiona alama ya kijani au harufu ya chumba kilichofungwa, mwaga wote, usichague.

Wa kuwa raba una sababu mbili: umevuna umezeeka, au umeutia maji mengi na kuuchemsha mwanzoni. Wako uliokausha uroweke dakika 30, kisha uupike vizuri. Usionje mbichi. Kuta za uyoga zina kitu kile kile kilichomo kwenye gamba la kaa, tumbo linahangaika, na mamama mbichi una sumu ndogo ambayo kwa bahati huvunjika kwa moto. Watu wa Kigoma mnaoutia mawese badala ya karanga, nawasikia, sigombani na mtu.

Za haraka sasa. Mzee wa Uyui mwenye jongo: uyoga una purini, ile inayochochea jongo, lakini si nyingi kama za maini au dagaa. Sahani moja kwa siku mbili tatu haijawahi kuniletea mgonjwa, ila mguu ukiwa umevimba pumzika kwanza. Bibie mwenye mimba ya miezi minne: uliolimwa na kuiva vizuri kula, unga na vidonge vya uyoga hapana, wa porini subiri ujifungue. Mtoto wa miezi minane: aanze na kijiko kimoja kilichosagwa, mchana, ili akitokewa na vipele uvione kukiwa bado na mwanga.

Kijana wa chuo aliyeandika kwamba sisi wala uyoga tunakula mmea: si mmea, na mamama hata si mpole. Minyoo midogo ya udongoni ikigusa nyuzi zake inapoozwa na kuliwa. Nilipoambiwa hivyo nilikaa siku mbili siuli, siku ya tatu nikasikia harufu ya karanga.

Na yule baba wa Ipuli anayetaka kununua mifuko yangu yote 40, mifuko siuzi. Njoo Jumamosi asubuhi na gunia la majani makavu ya mpunga yasiyonyeshewa, pipa la kuchemshia na kuni zako mwenyewe. Mbegu nitakuonyesha pa kuzipata, na mifuko ikichoka baada ya mavuno matatu manne utaimwaga kwenye bustani ya mchicha. Na uje na barakoa.